Majina Mekundu ya Ukoo wa Bang

Asubuhi ile supu ilipoa kwa sababu ya soksi. Deok-man alikuwa amevaa moja ya kijivu na moja ya bluu. Mkewe, Gwi-rye, akamsimamia mlangoni, mkono kiunoni.

"Baba Eun-sil, unakwenda dukani au kwenye sarakasi?"

"Zote soksi."

"Ehe, zote soksi. Na paka na panya wote wana mikia."

Akavua. Akaletewa jozi nyingine, akavaa, wakakaa. Supu ya mchipuko wa soya, wali, kabichi ya kuchachusha iliyobaki jana. Nje mvua nyembamba ya mwezi wa nne ilikuwa ikinyesha juu ya mabati ya Inhyeon, mtaa wa wachapaji, na mashine za kuchapa za jirani zilikwishaanza kunguruma. Gwi-rye alikuwa na miaka sabini na mmoja na bado alipata kazi. Siku zile alikuwa anapanga kurasa za kitabu cha mapishi cha Bi Ham, mwenye duka la pombe ya mchele.

"Bi Ham anaandika gramu kwa namna tano," alisema, kijiko kikiwa hewani. "Juzi nilidhani nimezimaliza. Leo nimekuta ya sita."

"Mm."

"Mm ndiyo nini?"

"Pole."

"Pole ya nini? Mwenzio nafurahi. Ya sita nikishaikamata, namaliza kitabu kabla ya Ijumaa."

Deok-man alikunywa supu iliyokwishapoa. Alimaliza wali, akachukua mwavuli. Mkewe akamwambia anunue vitunguu vya majani akirudi. Akasahau.

Kesho yake Gwi-rye alianguka bafuni. Siku ya tano walimzika mlimani kwao, Gokseong.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi ya mwisho ya kawaida. Watu humwuliza Deok-man kama alihisi jambo. Hakuhisi jambo. Alihisi soksi. Lakini ukimpa muda, akaweka bilauri yake chini, atakusimulia mke wake alikuwa mtu gani. Hatakusimulia mengi. Atakusimulia la ukoo wa Bang.

Kwanza ujue alikotoka.

Gwi-rye alikuwa wa sita katika watoto saba. Alikuja Seoul akiwa na miaka kumi na saba, akapata kazi ya kuokota herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Kazi yenyewe ni kusimama mbele ya rafu zilizojaa vijiherufi kama mchanga, karatasi ya mwandishi mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unaokota: hii, hii, na hii. Mpaka jioni vidole ni vyeusi, na ukilala bado unaokota. Deok-man alikuwa chini yake, ghorofa ya kwanza, akikata karatasi kwa mashine. Kila mkasi wake mkubwa uliposhuka, jengo lilitikisika, na huko juu herufi zikaanguka.

Siku moja msichana akashuka ngazi, uso umeiva.

"Wewe wa chini! Kila ukikata, mimi naokota mara mbili!"

"Samahani, dada."

"Samahani haiokoti."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza. Deok-man akatafuta magunia matupu, akayatandika chini ya mashine, mtikisiko ukapungua. Hakumwambia. Baada ya mwezi akampelekea barua ya mapenzi, ambayo aliandikiwa na rafiki yake mwenye elimu. Gwi-rye aliisoma pale pale ngazini, akaikunja.

"Mwambie aliyekuandikia kwamba ana mwandiko mzuri. Wewe njoo useme mwenyewe."

Akaja, akasema. Yalikuwa maneno manne. Yakatosha.

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba mumewe alikwenda shule majira mawili tu ya baridi, yale ambayo shambani hapakuwa na kazi. Herufi zetu za Kikorea alizisoma, polepole, mdomo ukicheza. Herufi za Kichina, zile za majina ya kwenye makaburi na vitabu vya nasaba, hakuzijua kabisa. Gwi-rye hakulisema hilo mbele ya mtu. Kila palipokuwa na karatasi ya kusomwa, aliiona kwanza yeye, akasema kwa sauti, kana kwamba anajisomea mwenyewe: "Aha, wanataka ifike Jumanne."

Risasi ikaisha. Zikaja kompyuta. Wengi wa rika lake walikwenda kuuza tambi. Yeye alinunua kompyuta ya mkopo, akajifunza kupanga kurasa kwenye skrini, na wawili hao wakakodi duka lao la ghorofa: yeye juu na skrini yake, mume chini na mkasi wake.

Hapo ndipo ikaja kamusi ya mitishamba. Mimea elfu nne. Jina la kila mmea liwe nene, jina la kitaalamu lilale kwa herufi za mlazo, kipimo cha dawa kiwe kidogo. Alifanya moja baada ya jingine kwa mkono, miezi mitatu, na viwiko vimebandikwa plasta za maumivu hata nyumba ikanuka kafuri. Siku aliyomaliza, mchapishaji alipiga simu. Amebadili nia. Anataka kipimo ndicho kinene, jina la mmea liwe la kawaida.

Gwi-rye aliweka simu chini, akalia. Deok-man alipanda, akakaa karibu naye, akammenyea chungwa.

Wiki ileile akajiandikisha kwenye darasa la kompyuta la kata, akiwa peke yake mwenye mvi. Akarudi na neno moja, sheria. Yaani huambii tena kompyuta ifanye hili neno hili na lile neno lile. Unaipa umbo. Unaiambia: popote utakapoona tarakimu, kisha nafasi, kisha alama ya gramu, vifanye vidogo. Popote utakapoona maneno mawili ya kigeni ndani ya mabano, yalaze. Unaandika mara moja, nayo inapita kitabu kizima, na hata neno utakaloliandika kesho, likiwa na umbo lile, litajivika lenyewe.

Alimweleza mumewe haya mezani, akitumia maharage na ungo. Deok-man alitazama maharage.

"Kama kizuizi cha mkasi," alisema mwishowe. "Nakipima mara moja. Karatasi mia tano zinatoka sawa."

Gwi-rye aliacha ungo. "Umeelewa kuliko mwalimu wangu."

Deok-man hakulisahau neno hilo. Katika maisha yake hakusifiwa mara nyingi kwa kuelewa.

Basi tangu hapo Gwi-rye akawa fundi wa sheria. Watu walimletea vitabu vilivyowashinda: nyimbo za kanisa zenye nambari za beti, ratiba za treni, orodha za samaki. Alikuwa akikaa mbele ya ukurasa kama mtu anayetazama mto, kimya, akitafuta kinachojirudia. Akikiona, alipiga goti kofi. "Nimekushika!" Na kila sheria mpya aliipa kwanza rangi ya kupiga kelele, ili aone imekamata nini na imeacha nini. Akiridhika, ndipo huiondoa. Rangi yake ilikuwa waridi, ile ya maua ya azalea. Nyekundu hakuitumia kamwe. Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu, maana kwetu huo ni wino wa wafu, na yeye kazi yake ilikuwa majina.

Alipokuwa na miaka sitini na miwili ikaja kazi kubwa kuliko zote. Kitabu cha nasaba cha ukoo wa Bang, tawi la Seokcheon. Majina elfu kumi na moja na ushee. Kurasa mia tisa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Bang Gyu-hwan, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuzungumza kama anayeandika ubaoni.

"Bi Yeom," alimwambia, maana Yeom ndilo jina la ukoo wake Gwi-rye, "waliokufa tunataka majina yao yawe membamba. Walio hai, manene. Mtu akifungua ukurasa ajue mara moja nani amebaki."

"Itawezekana, Mzee."

"Na ukurasa wa mwisho tutaandika waliokitengeneza kitabu. Na jina lako litakuwamo."

Alipoondoka, Gwi-rye alikaa kidogo bila kugusa kitu. Miaka arobaini na mitano alikuwa amepanga majina ya watu. Lake halikuwahi kuchapwa popote. Kwenye nasaba ya ukoo wa mumewe yeye ni "mke, wa ukoo wa Yeom", basi. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha Bang aliupanga wa kwanza, kabla ya nyingine zote, na Deok-man alimwona mara kadhaa akiufungua, akiutazama, akiufunga, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Sheria ya walio hai aliipata baada ya siku tatu. Kila jina kwenye nasaba lina mabano: mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Aliye hai, baada ya kistari pana nafasi tupu. Kwa hiyo: mwanzo wa mstari, herufi za jina, mabano, tarakimu nne, kistari, na kisha hakuna kitu. Umbo hilo likionekana, jina linenepe. Kofi juu ya goti. "Nimewashika!"

Mwezi wa tisa kamati ikataka kuona vizazi vitatu vya mwisho. Gwi-rye akachapa kwenye printa nakala safi, nyeusi, karatasi nyeupe. Akataka na nakala nyingine ya macho yake mwenyewe, yenye rangi ya waridi, ili aikague sheria. Karatasi nyeupe ikaisha.

"Baba Eun-sil! Weka karatasi yoyote. Hii ni ya kwangu tu."

Deok-man alikuwa na mabaki ya kazi ya hekalu, karatasi nzuri ya njano, nzito, ile ya kuandikia hirizi. Akaikata kwa kipimo, akaiweka. Gwi-rye akaibonyeza printa ifanye kazi, akatoka kwenda kwa daktari wa meno. Alipokuwa huko, akaja mtu wa pikipiki kuchukua mzigo wa Seokcheon.

Juu ya meza palikuwa na malundo mawili. Deok-man akayashika yote mawili kwa vidole, kama anavyoshika karatasi siku zote. Lile jeupe lilikuwa la bei rahisi. Lile la njano lilikuwa zito, la heshima. Wazee watapelekewa lipi? Akafunga la njano, akalizungushia kamba, akampa mtu wa pikipiki. Aliona kwamba lina wino wa rangi. Akafikiri ni vichwa vya habari. Akaona limependeza.

Waridi juu ya njano, ndugu yangu, huwa nyekundu.

Siku mbili baadaye simu ililia. Gwi-rye aliiweka kwa sauti ya wazi kwa sababu alikuwa anakula ndizi.

"Bi Yeom," ilisema sauti ya mwenyekiti. "Sisi tumekufa lini?"

"Hamjambo, Mzee Mwenyekiti?"

"Hatujambo vipi na sisi ni maiti? Majina yetu mekundu! Kwenye karatasi ya hirizi! Umetuua, kisha ukatuandikia na hirizi ya safari! Mzee Ik-je ana miaka themanini na minane. Ameliona jina lake, akaingia kitandani, tangu juzi hajala. Anasema anangoja."

"Anangoja nini, Mzee?"

"Anangoja! Unadhani mtu wa namna hiyo anangoja basi?"

Gwi-rye aligeuka kutazama meza. Lundo jeupe lilikuwa palepale. Akalitazama, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama ngazini na fagio mkononi. Deok-man naye aliliona lundo. Akaliegemeza fagio ukutani.

"Kosa ni langu, Mzee," alisema Gwi-rye kwenye simu. "Kesho nakuja mwenyewe."

"Njoo. Njoo na kitabu chote, tuone kama tunakiacha kwako au tunakichukua. Na ule ukurasa wa mwisho, lifute jina lako kabla hujafika. Mtu aliyetuua hawezi kukaa kwenye kitabu chetu."

"Sawa, Mzee."

Akaweka simu. Alifungua ukurasa wa mwisho kwenye skrini, akafuta jina lake la herufi za Kichina. Herufi tatu. Deok-man alisikia kitufe kikigonga mara tatu. Akashuka chini, akakata karatasi mchana kutwa, na siku hiyo hapakuwa na kazi ya kukata.

Walikwenda pamoja kwa basi la asubuhi. Njiani Deok-man alijaribu kusema.

"Mama Eun-sil."

"Lala kidogo. Ni mbali."

Ukumbi wa ukoo ulikuwa umejaa wazee, wamekaa sakafuni pande tatu. Katikati liliwekwa lundo la njano, na hakuna aliyelikaribia. Deok-man alibaki karibu na mlango, palipovuliwa viatu. Gwi-rye akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, kisha akafungua kompyuta yake ndogo.

"Wazee wangu, nisameheni. Rangi ile ni ya kukagulia. Ni waridi."

"Waridi gani hii?" mwenyekiti alinyanyua karatasi moja kwa ncha za vidole, kama panya.

"Ni waridi juu ya njano, Mzee."

"Wafu wote weusi, walio hai wote wekundu. Elfu tatu na zaidi! Hakuna hata mmoja aliyenusurika?"

"Hakuna, Mzee. Sheria haikumkosa hata mmoja."

Mtu mmoja huko nyuma alicheka, akajifanya amekohoa.

"Na utawarudisha vipi? Mmoja mmoja? Ibada za mababu ni mwezi ujao. Ukimsahau mmoja tu akabaki mwekundu, familia yake itanijia mimi, si wewe."

"Siwarudishi mmoja mmoja. Hebu wazee msogee."

Wakasogea, magoti yakilia. Kwenye skrini majina yalikuwa ya waridi. Gwi-rye akafungua kisanduku chenye mstari mmoja wa alama, mahali palipoandikwa waridi akachagua nyeusi. Ukurasa ukapepesa. Majina yote yakawa meusi. Mwenyekiti akavaa miwani. Akataka ukurasa wa mia nane na sita. Meusi. Mia nane na arobaini. Meusi. Akataka wa mwisho, akataka wa katikati, akaruka mbele na nyuma kama mwalimu anayemtafuta mwanafunzi aliyeiga. Meusi.

"Hm," alisema. Kisha uso wake ukabadilika. "Binamu yetu Tae-u tumemzika Alhamisi. Humu yungali mzima."

Wakamtafuta. Bang Tae-u, mabano, mwaka wa kuzaliwa, kistari. Jina nene. Gwi-rye aliweka kidole baada ya kistari, akaandika mwaka. Tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoandika ya nne, jina likawa jembamba lenyewe. Hakuwa ameligusa.

Mzee mmoja akavua kofia.

Ikasikika sauti kutoka kwenye blanketi kando ya ukuta. Kumbe walikuwa wamemleta Mzee Ik-je kwa machela, ashuhudie kabla hajaenda.

"La kwangu lisiguswe!"

"Halijaguswa, Mzee."

"Nilione."

Akapelekewa skrini karibu na pua. "Jeusi?"

"Jeusi, Mzee. Na nene."

"Nene?"

"Nene la mtu aliye hai."

Mzee Ik-je alilitazama kwa muda. Akakaa. "Huko jikoni kuna uji au mnaniangalia tu?"

Wote wakacheka, wengine mpaka machozi, na bakuli likaletwa mbio. Mwenyekiti naye alicheka kidogo, kisha akakusanya uso wake.

"Kitabu kitabaki kwako, Bi Yeom. Kazi yako nimeiona. Lakini jina lako ukurasa wa mwisho halirudi. Fundi wa miaka arobaini na mitano hafungi mzigo wa watu bila kuutazama."

"Sawa, Mzee," alisema Gwi-rye, akainama tena.

Deok-man alikuwa anatazama kisogo cha mkewe. Anasema alikuwa ameona kisogo hicho kwa miaka mingi, akipanda na chai, kimeinamia skrini. Hakuwahi kukiona kimeinama namna ile. Akapiga moyo konde.

"Hakufunga yeye."

Vichwa vikageuka.

"Wewe ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mumewe. Mkata karatasi. Karatasi ya njano niliiweka mimi. Mzigo nilifunga mimi. Yeye alikuwa kwa daktari wa meno."

"Na majina mekundu hukuyaona?"

"Wekundu niliuona. Sikujua ni majina." Alilitazama lundo la njano. "Sisomi herufi hizo. Kwenye kitabu chote ninazijua tatu tu."

"Zipi?"

"Za jina lake. Jana amezifuta."

Mzee Ik-je aliacha kijiko. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, ingawa haikuwa chafu, akamgeukia Gwi-rye.

"Bi Yeom, mbona uliniambia kosa ni lako?"

"Ni langu, Mzee. Mume si ni wangu?"

Hapo ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Huko jikoni wanawake walipiga vifuniko vya masufuria. Mwenyekiti akapunga mkono kama anayefuta ubao.

"Rudisha jina."

Gwi-rye akarudisha. Herufi tatu. Akakosea ya kati, akairudia.

"Liwe nene!" alifoka Mzee Ik-je, uji kidevuni.

"Haitawezekana, Mzee. Sheria ni ya ukoo wa Bang tu."

"Sheria si umeitunga wewe? Itunge tena!"

Kikachapwa. Siku ya ibada kilikuwa tayari, na vitabu vyote mia nne Deok-man alivikata kingo kwa mkono wake, hakumwachia mtu. Ukurasa wa mwisho jina la Gwi-rye ni nene. Hakuhitaji sheria yoyote, aliligusa tu kwa mkono, na alisema hiyo ndiyo mara pekee katika kitabu kile alipofanya kazi ya kizamani.

Lakini jioni ile ya ukumbini, wakisubiri basi la kurudi, wao wawili tu kwenye benchi la kituo, Deok-man alikuwa bado na jambo kifuani. Wanawake wa jikoni walikuwa wamewafungia keki za mchele, na Gwi-rye alikuwa anatafuna, miguu ameinyoosha, viatu amevivua nusu. Alionekana kama mtu aliyeshinda kitu.

"Mama Eun-sil. Nisamehe."

Aliendelea kutafuna.

"Ningesema jana, kwenye simu. Niliona haya. Halafu usiku. Halafu kwenye basi."

Gwi-rye akameza, akapangusa unga wa soya vidoleni, akamtazama. Macho yake yalikuwa yanacheka. Kisha akasema, na Deok-man hayapunguzi wala hayaongezi maneno haya:

"Sheria ikikosea, naisahihisha mara moja, kurasa mia tisa zinakaa sawa. Wewe huna sheria, Baba Eun-sil. Wewe nakusahihisha ukurasa kwa ukurasa, na mpaka leo hata katikati ya kitabu sijafika."